Matroni wa Vyumba Sita

Kwa Matroni hakuna mpangaji aliyeitwa kwa jina lake. Mimi nilikuwa Namba Nne. Mama Neema, aliyeuza mitumba sokoni, alikuwa Namba Mbili, na binti yake wa miaka mitano alikuwa Namba Mbili Ndogo. Afisa Mifugo, mtu mzima mwenye kitambi na kofia ya pama, ambaye ofisini watu walisimama alipoingia, alikuwa Namba Sita, na akiitwa hivyo aliitika. Vyumba vilikuwa sita, vitatu huku na vitatu kule, katikati ua wa udongo uliofagiliwa kila asubuhi. Mwisho wa ua palikuwa na jiko la pamoja, na kando ya mlango wa jiko kulikuwa na debe la mchanga ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulikalia hata kwa kufunga viatu.

Naye Matroni hatukuwahi kumwita vingine. Alikuwa matroni wa shule ya bweni ya wasichana huko juu milimani, upande wa Mbulu, kwa miaka ishirini na sita. Alipostaafu alishuka Babati akajenga katika mtaa wa Maisaka, na cheo kikashuka pamoja naye. Jina lake kamili nililiona mara moja kwenye bahasha ya kanisa, nikageuza macho kama niliyefungua mlango wa chumba kisicho changu. Sitaliandika hapa.

Ilikuwa miaka ile mkoa wetu ulipokuwa mpya. Ofisi nyingi zilikuwa kwenye majengo ya kupanga, meza bado zimevaa nailoni, mafaili yameletwa na lori kutoka Arusha yakarundikwa sakafuni, na sisi watumishi tulioletwa kutoka huku na huku tulikuwa tunatafuta vyumba kama watu waliofika harusini baada ya viti kuisha. Mimi nilikuwa karani wa masijala. Niliambiwa kuna mama mmoja Maisaka ana chumba, lakini ana masharti. Nilipofika hakuniuliza nafanya kazi wapi wala kama nimeoa.

"Ukiamka chumba kimejaa moshi," aliniuliza, "mlango uko upande gani wa kitanda chako?"

"Shikamoo, mama. Bado sijaleta kitanda."

"Marahaba. Basi ukikileta, hilo ulijue kabla hujalala."

Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, kimenyooka, ila kila neno lenye h lilitoka kooni kwa nguvu ya Kiiraqw, hivyo neno "hatari" kinywani mwake lilikuwa la hatari kweli. Alinipa ufunguo na ndoo.

Ndoo hiyo ndiyo ilikuwa sharti lenyewe. Kila chumba kilikuwa na ndoo tupu ya rangi ya ukutani, ile ya plastiki yenye mfuniko unaobana; ndoo hizo aliziomba kwa mafundi waliokuwa wanapaka rangi majengo mapya ya serikali. Alizisugua kwa majivu hadi harufu ikaisha. Ndani yake kila mpangaji aliweka karatasi zake zote muhimu zilizofungwa kwenye nailoni, tochi, kiberiti na mshumaa ndani ya kopo la dawa lililokwisha, kipande cha khanga safi kilichochemshwa na kuanikwa, kipande cha sabuni, na pakiti ndogo za sukari na chumvi. Kwenye tochi betri moja iligeuzwa kichwa chini ili isijiishie yenyewe. Sukari na chumvi hazikuwa za chai. Zilikuwa za mtu akishikwa na kuhara: vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, lita moja ya maji yaliyochemshwa. Alituuliza kipimo hicho wakati wowote, hata ukiwa umejaza mswaki mdomoni.

Hakununua kitu ambacho kingeweza kupatikana bure. Hilo lilikuwa kama dini yake ya pili, ya kwanza ikiwa ni Ulutheri. Mchanga aliuchota korongoni baada ya mvua. Filimbi yake ilitoka kwa mwalimu wa michezo aliyestaafu mwaka mmoja na yeye. Akiba ya chakula aliifanya kwa konzi: kila ukipika, kabla ya kuosha mchele au maharage, unarudisha konzi moja, ujazo wa kiganja, kwenye kopo lako. "Konzi moja halimpunguzii mtu shibe," alisema. Kila mwisho wa mwezi kopo lilikuwa na mlo wa siku mbili au tatu, na akatuagiza tukipike kile cha zamani na tuanze upya, maana akiba isiyoguswa huliwa na fukusi. Maji pia. Madumu mawili kila chumba yalisimama nyuma ya mlango, hayaguswi wiki nzima. Jumamosi tuliyamwaga kwenye nguo na kwenye bustani yake ya sukuma wiki, tukajaza mapya. Bomba lilipokauka siku tisa mfululizo, mtaa mzima ukishuka na ndoo kuelekea ziwani, sisi tulipika, tukanawa, tukawagawia majirani wenye watoto wadogo. Matroni hakusema neno la kujisifu. Alichosema ni kwamba siku ya kumi hata sisi tungekwenda ziwani, kwa hiyo tutafute dumu la tatu.

Simu za mkononi ndiyo zilikuwa zinaingia. Afisa Mifugo alikuwa na moja iliyoning'inia kwenye mkanda. Matroni aliitazama, akamuuliza, "Ikizima, namba ya mwenye pikapu unaijua?"

"Imo humu humu, Matroni."

"Nimesema ikizima."

Basi tukaikariri sote, mtu asije akaugua usiku tukakosa gari, na namba ya zahanati pia, tukaziimba uani kama watoto wa chekechea. Mpaka leo naijua namba ya mtu mmoja mwenye pikapu Maisaka ambaye sikuwahi kumpigia hata mara moja, na ambaye nadhani alishauza gari lake zamani.

Jumamosi moja kila mwezi, saa kumi jioni, alipuliza filimbi. Hakutangaza ni Jumamosi ipi. Ukisikia filimbi unatoka ulivyo, na ndoo yako mkononi, unakwenda kusimama getini chini ya taa, na yeye anahesabu. Nimewahi kusimama pale nikiwa na povu la sabuni masikioni. Afisa Mifugo amewahi kusimama na taulo, kitambi chake kimeelekea barabarani, wanafunzi waliokuwa wanapita wakamwamkia, naye akaitikia "marahaba" kwa heshima zake zote. Mama Neema alicheka mpaka akaangusha ndoo.

"Tucheke tukishahesabiwa," Matroni alisema. "Namba Moja."

"Nipo."

"Namba Mbili."

"Nipo."

"Namba Mbili Ndogo."

"Nipo," alisema Neema, akiwa ameshika ndoo yake mwenyewe, kikopo cha siagi alichotengenezewa na Matroni, ndani yake kipande cha khanga, pipi moja, na karatasi iliyoandikwa jina la mama yake na mahali wanapoishi.

Si kila mtu aliyaweza haya. Namba Tano alikuwa mwalimu kijana kutoka Morogoro, na mwezi wa sita Babati ina baridi ambayo Morogoro hawaijui. Jioni moja alikoka jiko la mkaa, akaliingiza chumbani, akafunga dirisha ili joto lisitoke. Matroni alipita, akaona mwanga mwekundu chini ya mlango, akaingia bila hodi. Alilibeba jiko kwa matambara mpaka katikati ya ua, pamoja na sufuria ya nyama iliyokuwa juu yake, na nyama ikamwagika yote. Yule mwalimu alilia kwa hasira. Alisema yeye si mwanafunzi wa mtu.

"Mkaa ule haunuki," Matroni alimwambia. "Utalala vizuri sana, ndiyo shida yake."

Kesho yake alimpelekea blanketi la pamba, zito, alilolitumia mwenyewe. Mwalimu alilipokea, na mwisho wa mwezi alihama, blanketi akaliacha limekunjwa kitandani. Hawakupatana. Nilitegemea Matroni angesikitika, lakini alianika blanketi juani, akampangisha chumba fundi wa redio. Niliona kuna ugumu fulani ndani yake ambao sikuupenda. Nadhani siupendi hata sasa, lakini siwezi kusema alikosea.

Na mimi nilimkosea kwa namna yangu. Kazi yangu ya kutwa ilikuwa kujua kila karatasi ya serikali iko wapi, na labda ndiyo sababu karatasi zangu mwenyewe sikutaka kuziona. Vyeti vyangu vyote, cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha chuo, vilikuwa kwenye begi chini ya kitanda tangu siku niliyohamia. Ndoo yangu nilikuwa naogea. Ilikuwa ndoo nzuri, haikuvuja, na beseni langu lilikuwa limepasuka. Filimbi ikipulizwa nilitupia humo taulo na redio, nikatoka mbio, nikasimama mstarini na uso wa mtu mwaminifu.

Masika ya mwaka wangu wa pili ilinyesha mvua mchana kutwa. Ofisini tulikuwa tunainua mafaili juu ya meza. Huku nyuma mtaro wa mtaa wetu ulikuwa umezibwa na mabua na mifuko, maji yakashuka kutoka juu, yakaruka barabara, yakaingia uani, na kutoka uani yakaingia kwenye vyumba vya upande wangu. Nilipofika nyumbani saa kumi na moja, suruali imekunjwa magotini, nilikuta maji yameshapungua, Matroni na Mama Neema wanayasukuma nje kwa mafagio. Wenzangu walikuwa wamekaa barazani, ndoo zao magotini, kavu. Niliingia chumbani, nikavuta begi. Lilikuwa zito.

Nilikaa sakafuni kwenye matope. Nilikuwa mtoto wa kwanza nyumbani kufika chuo. Baba yangu aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya karatasi ile ambayo sasa ilikuwa imeshikana na nyingine kama chapati mbichi. Matroni alisimama mlangoni, fagio mkononi. Alivichukua vyeti kwa viganja viwili, akavipeleka barazani kwake, akavilaza juu ya meza, akaanza kuvitenganisha kwa ncha ya kijiti cha kusukia ukili wa mikeka, taratibu, akipuliza. Kisha alitia makaa machache kwenye pasi, akaijaribu joto kwa kuisogeza karibu na shavu, akaweka cheti katikati ya vipande viwili vya khanga na kupiga pasi. Alirudia mpaka giza lilipoanza kuingia, akibadilisha vitambaa kila vilipolowa.

"Nilikuwa naitumia kuogea," nilisema mwishowe.

"Najua. Nilikuwa nasikia."

"Sasa mbona hukuniambia kitu, Matroni?"

"Wewe si msichana wa kidato cha pili. Mtu mzima nikimkagua begi atanichukia, na karatasi zitalowa vilevile." Aligeuza cheti. "Sogeza taa."

Muhuri wa cheti cha kuzaliwa ulisambaa ukawa doa la zambarau. Vile vingine viwili vilipona, vimekunjamana tu. Miaka baadaye tulipotakiwa kupeleka vyeti vikaguliwe, afisa kijana alikiinua cheti changu cha chuo kwenye mwanga, akaniuliza kama kimewahi kutafunwa na mbuzi. Nilimwambia kilipigwa pasi. Kilikubaliwa.

Watu wa mtaani walikuwa na maelezo yao juu ya Matroni. Walisema bweni lake liliungua, wakasema msichana mmoja alibaki ndani, na tangu hapo akili yake haikutulia, ndiyo maana anahesabu watu wazima kama mbuzi. Niliyasikia sokoni, nikayasikia kwa kinyozi, nikaona yanaeleza kila kitu. Siku moja tulipokuwa tunachekecha mchanga kutoa mawe, nilijipa moyo.

"Matroni, ni kweli ulifiwa na mwanafunzi kwenye moto?"

Aliacha kuchekecha. "Nani kasema?"

"Watu."

"Hakuna aliyekufa." Alisema bila kukasirika. "Miaka ishirini na sita nimelaza wasichana themanini, mwaka mwingine mia. Nimewapokea na masanduku yao na nimewarudisha na masanduku yao. Moto uliwaka mara mbili. Mara ya pili paa lilianguka. Walikuwa nje wote, nimeshawahesabu, wanalia juu ya viatu vyao."

"Basi wanakosea."

"Wanataka niwe na msiba. Mtu akifanya kitu vizuri hawaridhiki mpaka wajue amepigwa na nini." Alichota mchanga mwingine. "Mimi sina hofu, Namba Nne. Mwenye hofu ni yule ambaye hajui kiberiti chake kiko wapi. Mimi nikishapanga vitu vyangu, nakunywa chai."

Na ni kweli, alikunywa chai kwa raha kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Alikunywa nyingi, ya maziwa, akiwa ameketi kwenye kigoda barazani, miguu ameinyoosha, anatazama Mlima Kwaraa ukifunikwa na ukungu kama anatazama mambo ya watu wengine.

Lakini asidhani mtu kwamba alikuwa na busara mahali pote. Radi ilimshinda. Wingu likianza kunguruma, mama yule aliyeuelewa moto kama fundi alifunika vioo vyote kwa khanga, akapita vyumbani kuhakikisha hakuna aliyevaa nguo nyekundu, akajifungia chumbani kwake na miguu juu ya stuli. Afisa Mifugo alijaribu kumweleza kwamba rangi ya shati haihusiki, kwamba ng'ombe weupe pia hupigwa. Alimjibu kwamba ng'ombe hao walikuwa wamesimama karibu na mwekundu. Goti lake lilipovimba, yeye mwenye sanduku la dawa lililopangwa kuliko la zahanati alikataa kabisa kwenda kwa daktari, akawa analifunga majani aliyoletewa kutoka Sigino, anachechemea miezi mitatu.

Na pikipiki. Bodaboda zilipoingia mjini tulidhani angezipiga marufuku. Siku ya kwanza aliyopanda nilikuwepo. Alikaa upande, pochi mapajani, akamuuliza dereva kama breki anazo, akakagua mwenyewe, akaagiza aletewe kofia ngumu. Walipofika barabara ya lami nilimsikia, kwa sauti ileile aliyotumia kuhesabu, akisema, "Sasa ongeza mwendo, kijana." Walipotea kuelekea Singe, pembezoni mwa mji, ncha ya kilemba chake ikipepea nyuma chini ya kofia. Baada ya hapo hakuwahi kukosa sababu ya kwenda Singe.

Siku ambayo naikumbuka kuliko zote ilikuwa Jumapili asubuhi. Mama Neema alikuwa jikoni anakaanga maandazi ya kikao cha harusi, karai kubwa limejaa mafuta, jiko limeshiba mkaa. Matroni alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, anafunga kilemba mbele ya kioo cha barazani. Mimi nilikuwa napiga viatu rangi. Nilisikia kishindo kama cha mtu anayekung'uta blanketi, nikageuka, nikaona moto umesimama juu ya karai mpaka kwenye bati. Mama Neema alirudi nyuma, mkono usoni. Afisa Mifugo alitoka chumbani na ndoo ya maji ya kuogea, anakimbia, amekwisha kuiinua.

"Namba Sita," Matroni alisema. "Weka maji chini."

Hakupaza sauti. Nafikiri angepiga kelele Afisa angemwaga, na mafuta yale yangeruka yakatuunguza sote. Lakini alikuwa amemtii mama huyu kwa miaka miwili, kwa taulo na bila taulo, na mwili wake ukatii kabla yeye hajafikiri. Aliweka ndoo chini. Matroni alichukua gunia ambalo daima lilikuwa limeloweshwa kwenye beseni la maji kando ya mlango, akalikamua, akalishika kwa pembe mbili akijikinga nalo uso, akaingia, akalilaza juu ya karai kama mtu anayemfunika mtoto. Moto ulizimika juu. Mafuta yaliyokuwa yamemwagika sakafuni yaliendelea kuwaka, yakitambaa kuelekea kwenye kuni, na mimi na fundi wa redio tukalibeba lile debe la mchanga ambalo hatukuwahi kulikalia, tukalimwaga lote.

Moshi mzito ulikuwa unatoka mlangoni. Na Mama Neema akasema, "Neema yuko wapi?"

Alikuwa akicheza jikoni, nyuma ya kuni. Mama yake alikuwa amemwacha hapo. Alianza kuelekea kwenye moshi, na Afisa akamshika, naye akapigana. Fundi alijifunga shati puani akaingia akipapasa, akatoka akikohoa, hana kitu. Nilimwangalia Matroni. Alikuwa anahesabu kwa sauti ndogo, moja, mbili, na alipofika hapo alikwama.

Halafu aligeuka akatazama getini.

Mtoto alikuwa amesimama chini ya taa. Kiatu kimoja mguuni, kikopo cha siagi mkononi, mgongo umenyooka. Alikuwa ametoka mwanzoni kabisa, kabla ya sisi sote, akapita nyuma ya migongo yetu, akaenda mahali tulipomfundisha kwenda. Alikuwa anatuona tunakimbizana, na hakuelewa kwa nini tumechelewa.

Matroni alitembea mpaka pale, masizi yamejaa kilemba chake. Alisimama mbele ya mtoto.

"Namba Mbili Ndogo."

"Nipo."

Hakuendelea na namba nyingine. Aliinama, licha ya goti lake baya, akamvalisha kile kiatu cha pili ambacho fundi alikuwa amerudi jikoni kukichukua. Mama Neema alikuja akawakumbatia wote wawili kwa pamoja, na hilo Matroni hakulizoea, alisimama mikono imenyooka kama nguzo. Kisha alienda kanisani, akachelewa, na masizi yake hayo hayo. Jioni tulikusanyika tukajaza debe mchanga mpya. Hakuna aliyetuagiza.

Nilihamishiwa Singida muda si mrefu baada ya hapo. Nikaoa, nikapata watoto, nikajenga. Mke wangu alinishangaa kwa mambo mengi, madumu, makopo, betri zilizogeuzwa, lakini alikuja kuzoea, na siku hizi ni yeye anayeniuliza kama nimerudisha konzi.

Mwaka juzi nilikuwa nasafiri kikazi kwenda Arusha, nikashuka Babati. Basi la mchana la Arusha lingepita baada ya saa mbili, nikaona muda unatosha. Maisaka niliambiwa vyumba sasa vinasimamiwa na mtu mwingine, Matroni anakaa Singe kwa Pendo, binti wa dada yake, aliyelima mahindi na mbaazi. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya upenu, shuka mapajani, amekuwa mdogo mno. Goti lilikuwa limeshinda, alitembea na fimbo. Nilimwamkia, akanitazama muda, akaniambia nimenenepa.

Tulizungumza. Aliuliza watoto ni wangapi, wanasoma wapi, mke wangu anatoka wapi. Aliniambia Pendo ni mkulima mzuri lakini anaongea sana. Pendo mwenyewe alicheka, akatuaga, anakwenda dukani kununua majani ya chai, arudi sasa hivi. Juu ya jiko la mkaa, hatua tatu kutoka tulipokaa, alikuwa amebandika sufuria ya maziwa.

Matroni alikuwa katikati ya habari, kitu fulani kuhusu mbolea ya samadi na bei ya mbaazi, sentensi ikapungua mwendo, ikasimama. Nilingoja iendelee. Kichwa kilikuwa kimeegemea ukuta. Alikuwa amelala. Katika miaka yote ile sikuwahi kumwona amelala, wala mchana wala jioni. Sisi tulipolala alikuwa macho, na tulipoamka alikuwa macho. Mdomo ulikuwa wazi kidogo na mikono imelegea juu ya shuka, viganja juu.

Upepo ulitoka mashambani na harufu ya udongo uliolimwa. Saa yangu iliniambia basi limekaribia. Nilifikiri kuondoka polepole, nimwachie Pendo salamu, kisha nikaona maziwa yanaanza kuumuka pembeni mwa sufuria. Niliinuka, nikashika sufuria kwa kitambaa, nikaiepua, nikafunika, nikarudi kukaa. Basi likapita barabarani likipiga honi. Nililisikia likipandisha gia kuelekea Arusha.

Baada ya muda alifumbua macho nusu.

"Maziwa yangu," alisema.

"Nimeshaepua, Matroni."

Aliitikia kwa kichwa, akavuta shuka mpaka kifuani.

"Basi," alisema, na akalala tena.